Daktari Chelangat na Mtoto Aliyekataa Kupiga Chafya

Walioandaa tuzo ya Daktari Chelangat waliniomba wasifu wa nusu ukurasa: alisoma wapi, alianzisha nini, aliongoza kamati zipi. Niliuandika, wakausoma jukwaani, watu wakapiga makofi, naye akakaa akitazama viatu vyake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Hakuna uongo katika ile nusu ukurasa. Lakini ninyi mnaoanza kazi katika wodi aliyoiacha mwezi uliopita hamtajifunza kitu humo, kwa sababu kamati hazilishi mtoto wa kilo moja. Haya ninayoandika sasa ni yale yaliyobaki nje. Aliyestaafu ni yeye, si mimi. Mimi nimefanya kazi chini yake tangu nilipotoka chuoni, na sasa naondoka kwenda kusomea zaidi magonjwa ya watoto. Nayaandika mapema, kabla kumbukumbu hazijaanza kujipamba.

Niseme pia kwamba sipendi tuzo za maisha. Huwa naona zinamvisha mtu mmoja kazi ya watu wengi, na nilimwambia hivyo mwenyewe siku barua ilipofika.

"Daktari, hizi tuzo huwa zinasahau masista."

"Kweli," akasema. "Na mtu wa jenereta."

Kisha akaniuliza kama gauni lake la kijani litafaa kwa sherehe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu hautoki juu ya mashamba ya chai mpaka asubuhi inakaribia kuisha. Nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi na maswali mengi. Alinisimamisha mlangoni pa chumba cha watoto njiti, ambacho sisi hukiita chumba cha joto, akaniambia nivue saa, pete na koti, halafu ninawe mpaka viwiko. Nikauliza kwa nini koti pia.

"Mikono ya hilo koti imegusa nini tangu asubuhi?"

Sikujua.

"Basi na yeye hajui," akasema, akimwonyesha mtoto aliyelala karibu nasi, kichwa chake kikubwa kama chungwa tu.

Nilitarajia anionyeshe mashine. Akanipa sirinji isiyo na sindano. Njiti hajui kunyonya, kwa hiyo maziwa ya mama yake hupitia kwenye mpira mwembamba ulioingizwa puani mpaka tumboni. Unaunganisha sirinji na ule mpira, unamimina maziwa, unainua mkono na kungoja yashuke yenyewe. Ukiinua juu sana yanakimbia na mtoto anatapika. Ukishusha yanarudi. Kusukuma ni marufuku.

"Mkono wako ndio pampu," akaniambia.

"Kuna pampu za umeme. Tulifundishwa."

"Zipo. Yetu ikifika utaniambia."

Nilishika ile sirinji mpaka bega likaanza kuwaka, nikamwuliza nitaendelea hivi hadi lini.

"Mpaka uache kutazama saa."

"Si umeniambia nivue saa?"

"Ya ukutani," akasema, akaenda kwa mtoto mwingine.

Mtasikia watu wakisema alikuwa mpole. Kwa watoto, ndiyo. Kwa jibu bovu hakuwa mpole hata kidogo. Ukimwuliza kwa nini tunafanya jambo fulani, alikuwa na majibu mawili tu: sababu yenyewe, au "Sijui, nitafutie." Hakuwahi kuniambia kwamba tunafanya hivi kwa sababu ndivyo tulivyofanya siku zote, na nilimchokoza sana nikitaka niyasikie hayo. Wakati mmoja nilimwuliza kwa nini tunawapa watoto dawa za kuua vijidudu kwa siku nyingi hata damu yao ikiwa safi. Akasema sijui, nitafutie. Nikamletea makala. Aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu na siku zikapunguzwa asubuhi hiyo hiyo. Wiki iliyofuata akaniwekea mezani makala nyingine, iliyopinga yangu. "Soma na hii," akasema. "Usipende yako tu."

Yapo mambo madogo niliyoyaiga bila kuuliza, na nawaachia ninyi. Kichwa cha stethoskopu alikibana kwapani kwanza, ndipo akiguse kifua cha mtoto, kwa maana chuma baridi humfanya njiti atumie nguvu ambazo hana. Alimtazama mtoto kabla ya kusoma faili. Mama alimwita kwa jina lake, hakumwita mama wa kitanda fulani. Na alipowaeleza wazazi kwa nini tunampa njiti kafeini ili asisahau kupumua, aliwaambia kwamba katika nchi ya chai hata mgeni aliyewahi sana lazima apewe kikombe. Mzaha huo niliusikia kila wiki. Wazazi waliusikia mara moja tu, wakacheka, na katika huo mwanya wa kicheko ndimo alimopenyeza habari mbaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilibishana naye kuliko yote.

Mimi ni Mkisii. Baba yangu alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha chai, nami nimekulia karibu na Roret. Nilisoma na Wakipsigis na kucheza nao, lakini mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hualikwi tu kwa kuwa jirani. Kwa hiyo niliyajulia wodini. Mtoto wa Kipsigis hupata jina la wakati aliozaliwa, hupata la ubatizo, na tena huitiwa jina la marehemu mmoja wa ukoo wa baba yake. Wanawake wa ukoo humzunguka mtoto wakiyataja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine. Akipiga chafya, jina lililokuwa likitajwa ndilo lake. Yule mtu amerudi, na atamshika mtoto asiondoke. Wanaita kurenet. Zamani walimsaidia mtoto kwa kumsogezea ugoro kidogo puani. Makanisa mengine hayapendi jambo hili na wengi wameliacha. Wengine hulifanya Jumamosi na Jumapili wako kanisani, mstari wa mbele.

Mapafu ya njiti hayawezi kukutana na ugoro. Lakini familia ambayo mtoto wake hajaitiwa jina huwa na haraka ya kwenda naye nyumbani, na njiti akitolewa mapema hufa. Daktari Chelangat alikuwa amepata njia yake miaka mingi kabla sijafika. Ule mpira wa puani hubadilishwa kila baada ya siku kadhaa, na mtoto akiingizwa mpya mara nyingi hupiga chafya. Basi akina nyanya wakitaka jina, aliwaalika asubuhi ya kubadilisha mpira. Waliingia watatu, wamenawa na kufunga vichwa, wakataja majina huku yeye akiingiza mpira taratibu. Chafya ilikuja, jina likapatikana, mtoto akabaki wodini na wazee wakarudi nyumbani wametulia. Njia hiyo ilisifiwa mpaka na wageni waliotoka Nairobi.

Mimi haikunipendeza.

"Daktari, huku si kuwadanganya wazee?"

"Nani amedanganywa? Mpira wanauona. Hata ugoro waliuona."

"Lakini chafya ni neva tu za pua."

"Na machozi ya mazishini ni ya nini?"

Nikamwambia hilo si jibu.

"Kweli si jibu," akasema. "Lifikirie hata hivyo."

Kisha akaja Mercy. Alikuwa mchumaji wa chai kutoka Boito, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba alipojifungua mtoto wa kike wa kilo moja na kidogo. Tuliwalaza kitanda cha dirishani. Mtoto wake wa kwanza naye alizaliwa njiti, katika hospitali nyingine, akafa kabla hajaitiwa jina. Mercy aliniambia hayo akikamua maziwa kwenye kikombe, macho yake kwenye maziwa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali.

Mama mkwe wake alikuja siku chache baadaye. Tulimwita Kogo Esta, maana kogo kwa Kikipsigis ni nyanya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sweta nene la samawati, na hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Nimekuja kuchukua hii mtoto," akasema.

"Kogo, bado hawezi," nikamwambia. "Tukimtoa kwa oksijeni hatafika barabara ya lami."

"Ile ingine ilikaa kwa mashine mpaka mwisho. Haikuwa na mtu ya kuishika. Hata jina haikuwa nayo. Hii nayo mnaiita nini?"

Nikatazama kadi iliyobandikwa kitandani. Iliandikwa Mtoto wa Mercy.

"Unaona," akasema. Akanipima kutoka juu mpaka chini. "Wewe msichana, umezaa wangapi?"

"Bado, kogo."

"Na ni daktari ya watoto."

"Hata daktari wa macho si lazima awe kipofu."

Mercy akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. Kogo Esta hakucheka. Alisema kesho atarudi na blanketi na gari.

Nilimkimbilia Daktari Chelangat, nikamwambia tumwite afisa wa watoto, sheria iko upande wetu.

"Tunaweza kumwita," akasema. "Halafu mtoto mwingine wa nyumba hiyo akija njiti, atazaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Umejibu mwenyewe."

Akaenda kumkuta Kogo Esta kwenye benchi la nje. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za ng'ombe na bei ya maziwa, nami nimesimama nikiona dakika zinapotea. Ndipo akamwambia alete majina wodini.

"Hapa? Kwa hii harufu ya dawa?"

"Kogo, waliotutangulia watashindwa na sabuni?"

Mama mzee akalifikiria hilo. "Sawa. Ikipiga chafya itakaa. Isipopiga, naenda nayo nyumbani. Nyumbani itapiga."

"Isipopiga tutaongea tena."

"Hatutaongea. Nitaibeba."

Kulikuwa na jambo jingine lililonitia hofu. Mtoto huyo alikuwa ameshasahau kupumua mara kadhaa, tukamkumbusha kwa kumsugua mgongo. Kuingiza mpira puani kunaweza kuleta hali hiyo hiyo. Nilimwambia Daktari Chelangat mbele ya Sista Joan, mkuu wa zamu, na sikupunguza sauti.

"Umesema kweli," akanijibu. "Lakini ule mpira umeanza kuziba. Lazima ubadilishwe."

"Basi tuubadilishe sisi wenyewe, bila watu."

"Na chafya ikija tukiwa sisi wenyewe?"

Nikaenda kuhakikisha mfuko wa kumpulizia mtoto hewa uko karibu na kitanda, sijaridhika.

Asubuhi yake Kogo Esta alikuja na mawifi zake wawili. Walinawa mpaka viwiko. Sista Joan aliwatazama kucha mmoja mmoja, na kwa kweli alimrudisha mmoja wao kwenye sinki. Mercy alikaa kitandani, kiganja chake kimefunika miguu ya mtoto. Mimi nilisimama upande wa monita. Wanawake wakaanza kutaja kwa sauti ya chini: Tabutany, Tapsabei, kisha wengine, wakipokezana, wakimpa kila mmoja muda wa kusikia. Daktari Chelangat alisogeza kando mrija wa oksijeni akaanza kuingiza mpira. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kawaida. Chafya haikuja.

"Tabutany," akarudia Kogo Esta.

Namba za oksijeni kwenye monita zikaanza kushuka.

"Daktari," nikasema.

Alingoja. Haikuwa hata pumzi moja ya mtu mzima, lakini alingoja, na nilimwona akingoja. Midomo ya mtoto ikageuka rangi. Ndipo akauvuta mpira wote nje, akasema tu, "Mfuko." Sista Joan alikuwa ameshaushika. Daktari Chelangat akafunika uso wa mtoto kwa ile barakoa ndogo, akaminya mfuko kwa vidole viwili, nami nikasugua mgongo uliokuwa mwembamba kuliko kiganja changu. Majina yalikuwa yamekoma. Mercy alikuwa ameishika fremu ya kitanda, midomo yake ikicheza bila sauti. Kisha kifua kikainuka chenyewe, namba zikageuka, rangi ikaanza kurudi kutoka mashavuni. Nikaurudisha mrija wa oksijeni puani na kuubandika.

Nilijua kinachokuja. Blanketi lilikuwa kwenye kiti, limekunjwa, na dereva alikuwa nje.

Kogo Esta alikuwa amegeukia dirisha, ananung'unika peke yake. Kikipsigis changu ni cha sokoni, lakini ugomvi nauelewa vizuri.

"Ni wewe, Tapnyole," alikuwa anasema. "Najua ni wewe. Nilikuruka kusudi, kwa sababu hukunipa amani hata siku moja, na sasa unazibia wengine njia."

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa ndogo, kama ya paka. Kogo Esta akageuka polepole.

"Umemtaja mama," akasema wifi mmoja. Tapnyole alikuwa mama yao wawili, kwa hiyo mama mkwe wa Kogo Esta.

"Sikumwita. Nilikuwa namgombeza."

"Umemtaja," akasema wa pili, na sasa mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokibana. "Tumesikia sote."

Mimi najua kwa nini mtoto yule alipiga chafya. Hewa baridi ya oksijeni ilikuwa imerudi ghafla kwenye pua iliyotoka kusumbuliwa na mpira. Nilimwona Daktari Chelangat akinitazama, naye alijua kwamba najua. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniacha niamue. Nikaubonyeza mkanda wa mrija usibanduke, nikanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Kogo," akasema Daktari, "tulikubaliana nini?"

Kogo Esta alikaa kwenye kiti, juu ya blanketi lake. Alimtazama mjukuu bila furaha nyingi.

"Huyo mama?" akasema hatimaye. "Huyo hakuna mtu aliwahi kumtoa mahali kabla hajataka mwenyewe. Itakaa."

Mercy alijifunika uso kwa leso. Wifi mmoja akatoka nje kumwambia dereva aende. Mpira mpya tuliuingiza mchana, sisi wenyewe.

Kesho yake, katika kikao cha asubuhi, nilitarajia Daktari Chelangat aisimulie chafya ile. Kila mtu alikuwa ameshaisikia na wengine walikuja wakitabasamu. Hakuigusa. "Jana nilikuwa na sababu mbili za kuingiza ule mpira," akasema, "na mtu mwenye sababu mbili mkono wake huchelewa kurudi. Kemunto alinionya, nikaendelea. Kuanzia leo mpira ni mpira na jina ni jina." Kisha akauliza mtoto wa kitanda cha kwanza ameongeza gramu ngapi.

Kemunto ni mimi. Nilikaa pale nikiwa nimeshinda mabishano, nikitafuta raha yake nisiione. Ile njia aliitumia tangu nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa imemjengea jina, na aliiweka chini kwa maneno machache, mbele ya madaktari wanafunzi, akaendelea na gramu. Nimefanya kazi na watu wenye akili sana. Sijamwona mwingine aliyefanya hivyo bila kusukumwa na barua kutoka juu. Hilo halikuingia katika nusu ukurasa, kwa sababu sikujua liwekwe chini ya kichwa gani.

Milango hakuifunga, ingawa hicho ndicho nilichotaka mimi. Akina nyanya waliendelea kuja, sasa kwa asubuhi yoyote. Walinawa, wakakaa, wakataja majina, wakangoja mtoto apige chafya kwa wakati wake mwenyewe. Wengine walirudi siku nyingi, na Sista Joan alilalamika kwamba chumba kimegeuka baraza. Daktari Chelangat akasema mtu anayengoja apewe kazi. Akawafundisha kumkalisha njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ili mama apate usingizi. Nilimwuliza kama ngozi ya nyanya ina faida sawa na ya mama. Akasema hajui, nimtafutie. Nilikuta machache yaliyoandikwa, na machache hayo yalikuwa upande wake. Nilimwambia hivyo kwa shingo upande.

Kogo Esta ndiye aliyeshika zamu kuliko wote. Alimweka mtoto chini ya lile sweta, akafunga vifungo mpaka juu, akakaa wima kama mtu aliyeko kanisani. Mercy alilala, akaamka, akakamua, akalala tena. Mtoto alijifunza kunyonya. Oksijeni ilipunguzwa, ikaondolewa. Nyakati nyingine nilipita nikamsikia Kogo Esta akisema naye kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya kubembeleza. Alimwita Tapnyole, na kulikuwa na habari ya ng'ombe fulani aliyeuzwa, ya maneno yaliyosemwa mbele ya wageni, na ya lawama za nani hakumbeba nani uzeeni. Alisimamisha maneno nilipokaribia, akaendelea nilipopita.

Waliruhusiwa asubuhi ya mvua nyepesi. Daktari Chelangat alimpima mtoto mwenyewe, akabana stethoskopu kwapani, akasikiliza mbele na nyuma, akasema haoni sababu ya kumzuia. Mercy alibeba mfuko wa nguo. Aliponyoosha mikono ampokee mtoto, mama mkwe wake akamkatalia kwa kichwa, akafungua vifungo vya sweta, akamwingiza, akavifunga. Kichwa kidogo kikabaki chini ya kidevu chake.

Nilikuwa nimewashikia mlango. Kogo Esta alipita karibu nami bila kuaga, kwa kuwa alikuwa katikati ya mazungumzo mengine.

"Leo nakubeba mimi," alikuwa anamwambia. "Usiende tena kusema sikukubeba."